Hakuna Kilichokwama

Ijumaa, 7 Machi
Kwa: Msimamizi wa barua pepe
Kichwa: BARUA YANGU IMERUDISHWA

Kwako msimamizi,

Salamu kwanza, maana mimi nilifundishwa kusalimu. Kuna mwenzako hapo ofisini kaniandikia asubuhi hii bila hata hujambo. "Ujumbe haukufika. Sanduku la mpokeaji halipo." Basi, kamaliza. Nikamjibu kwa adabu, nikamuuliza yeye ni nani na kwa nini anarudisha barua za watu. Akanirudishia maneno yale yale. Mara tatu! Mwenye duka la kompyuta amecheka mpaka akashika meza. Anasema huyo si mtu, ni mashine inajibu yenyewe, na nikitaka mtu niandike kwenye anwani iliyo chini kabisa. Ndiyo hii. Kama na wewe ni mashine niambie mapema, nina sare arobaini za shule zinaningoja nizikate.

Mimi ni mshonaji. Mwanangu wa mwisho, nyumbani tunamwita Kitinda, ni mchora ramani hapo kwenye kampuni yenu ya ujenzi, ghorofa ya tatu. Kila Ijumaa saa nne nafunika cherehani, nakuja hapa dukani, namwandikia. Tangu Agosti sijakosa Ijumaa hata moja, na barua zote zilikwenda. Leo mnasema sanduku halipo. Limekwenda wapi? Sanduku lina miguu?

Naomba jibu.

Mshonaji, mama yake Kitinda


Jumatatu, 10 Machi
Kichwa: Jibu: BARUA YANGU IMERUDISHWA

Ndugu mteja,

Asante kwa ujumbe wako. Tarehe 1 na 2 Machi tulihamisha masanduku ya barua pepe kutoka seva ya zamani kwenda seva mpya. Masanduku ambayo hayajafunguliwa na wenyewe kwa zaidi ya miezi sita hayakuhamishwa. Sanduku unalolitaja limo katika orodha hiyo, na kumbukumbu zinaonyesha kuwa mwenyewe ameshaacha kazi. Tunakushauri uwasiliane naye kwa anwani yake mpya.

Samahani kwa usumbufu.

Fundi wa mifumo

Mimi si mashine.


Ijumaa, 14 Machi
Kichwa: ANWANI YAKE MPYA

Fundi,

Anwani yake mpya ni makaburini, mstari wa tatu kutoka ukutani, ubavuni mwa baba yake. Huko hakuna barua pepe.

Usishtuke, najua hukujua. Na mimi nilikuandikia kana kwamba yu hai kwa sababu ndivyo ninavyomwandikia yeye. Namwambia nani kaolewa, nani kaniletea kitambaa pungufu halafu anataka gauni la mikono mirefu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Sikujua kwamba na ninyi mafundi mnaifuata kwa vitendo.

Sasa nisikilize, maana nina swali moja tu na ni wewe mwenye funguo.

Mwaka jana Januari alifariki mume wangu. Kitinda hakuja kumzika baba yake. Siku ya tatu akapiga simu, sauti ndogo, anasema "Mama, sikuweza." Mimi nilikuwa nimevimba kwa uchungu na maneno ya watu. Nikamwambia, "Mtoto asiyemzika baba yake si mtoto. Usiniite Mama tena." Nikakata. Hakuniita tena. Mkaidi kama mimi, alirithi wapi kwingine?

Mwishoni mwa Mei kaka yake, anayeishi mbali, akashindwa kuificha siri. Siku tunamzika baba yao, Kitinda alikuwa kitandani hospitali, mimba ya miezi minne imetoka, na damu haijakatika. Alimwapisha kaka yake asiniambie, eti nisiongezewe msiba juu ya msiba. Fundi, nilikaa chini sakafuni pale pale, na mkasi mkononi.

Namba yake alikuwa ameibadilisha, na ile mpya sikuthubutu kuiomba kwa kaka yake, niliuogopa mdomo wangu. Nilikuwa na kadi yake ya kazini, yenye anwani ya barua pepe. Nikaja hapa dukani, nikafunguliwa anwani yangu ya kwanza maishani, na tarehe 12 Juni nikamwandikia. Kichwa niliweka MWANANGU NISAMEHE HARAKA. Kwa herufi kubwa, kwa sababu mwenye duka aliniambia ndizo zinazoonekana vizuri, na tangu siku hiyo naandika hivyo. Kaka yake nikamwambia, "Mwambie nimemwandikia. Baada ya hapo usiingilie, akitaka atanijibu mwenyewe."

Hakunijibu. Tarehe 30 Julai nikapigiwa simu kwamba homa ya siku tatu imemchukua.

Maji yakimwagika hayazoleki, nalijua hilo, siombi mwujiza. Nataka kujua kitu kimoja. Ile barua aliifungua, au hakuifungua?

Mshonaji


Ijumaa, 14 Machi
Kichwa: Pole sana

Mama, shikamoo.

Nimesoma barua yako mara mbili, kisha nikafunga mlango wa ofisi. Nisamehe kwa lile neno la anwani mpya. Masanduku yaliyolala yalikuwa mia mbili na kumi na sita. Niliyapitisha kwa namba, sikuangalia majina.

Nilimfahamu. Kila Jumatatu alikuwa amesahau neno lake la siri, anapiga simu huku anacheka, ananiita Bwana Paswedi. Jina hilo limeganda, mpaka leo hata mfagizi ananiita hivyo. Tangazo la msiba wake ni mimi niliyelituma kwa wafanyakazi wote. Halafu nimekuja kumwacha nyuma bila kutambua kuwa ni yeye. Naona aibu.

Lakini usikate tamaa. Kabla ya kuhama tulichukua nakala ya kila sanduku tukaiweka pembeni, ili kikiharibika kitu tuweze kukirudisha. Lake limo. Siruhusiwi kumsomea mtu wa nje barua za mfanyakazi, ila wewe hukuniomba hivyo. Kila barua hubeba alama, imesomwa au haijasomwa. Hiyo nitakuangalizia. Nipe siku chache.

Bwana Paswedi


Jumanne, 18 Machi
Kichwa: Sanduku limerudi

Mama, shikamoo.

Sanduku limerudi salama, barua elfu moja mia nne na kumi na mbili. Kuhusu swali lako, barua zote zina alama ya kusomwa.

Pole tena, Mama. Sasa moyo wako upumzike.

Bwana Paswedi


Ijumaa, 21 Machi
Kichwa: NIMEELEWA

Marahaba.

Kwa hiyo aliisoma. Kutoka tarehe 12 Juni mpaka tarehe 30 Julai ni siku arobaini na nane, nimezihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Siku arobaini na nane alikuwa na barua yangu, na hakupata hata neno moja la kunirudishia. Hata tusi. Tusi ningelipokea kwa mikono miwili.

Unajua nilikuwa nimejiwekea nini moyoni? Kwamba labda hakuiona. Nilikuwa naishi na hiyo labda. Naamka nayo, nakoroga chai nayo, Ijumaa naja nayo hapa. Nilikuuliza nikidhani nataka ukweli, kumbe nilitaka uniambie hakuifungua. Mdomo uliponza kichwa, na safari hii kichwa ni changu.

Alikufa hajanisamehe. Ni haki yake. Nilimkataza kuniita Mama, naye akatii.

Asante kwa kazi yako. Hilo sanduku liache huko huko, sitaliandikia tena. Na hapa dukani siji tena.

Mshonaji


Ijumaa, 28 Machi
Kichwa: Salamu

Mama, shikamoo.

Leo ni Ijumaa. Saa nne nilijikuta naangalia kama umeandika. Sare za shule zimekwisha? Naomba unijulishe kuwa u mzima.

Bwana Paswedi


Ijumaa, 11 Aprili
Kichwa: Nilikudanganya

Mama, shikamoo.

Huenda hutaisoma hii. Nimempigia simu mwenye duka, namba yake iko kwenye bango lake mtandaoni. Nimemwomba akufuate hadi nyumbani. Mwambie nitamlipa soda.

Mama, nilikudanganya. Sikutunga neno la uwongo, lakini nilikudanganya. Ni kweli barua zote zina alama ya kusomwa. Sikukuambia kwa nini. Njia niliyotumia kulirudisha sanduku hurudisha barua lakini haibebi alama zake. Zote hutoka zimeandikwa "imesomwa", hata zile ambazo hazijaguswa na mtu. Nilitumia njia hiyo kwa sababu ni ya haraka. Nilipoona matokeo nikajua kabisa kuwa hayana maana. Barua zako za Ijumaa zimo, thelathini kamili, za baada ya msiba. Nazo zimeandikwa kuwa zimesomwa.

Nilidhani nikisema "zote zimesomwa" utapumua. Nilifikiri mama mwenye msiba anataka kusikia kuwa barua yake ilifika. Sikujiuliza, kama ilifika, jibu liko wapi. Ulipoandika kuhusu siku arobaini na nane nilitaka kukujibu saa ile ile, nikaogopa. Nimeogopa wiki tatu.

Na kuna la pili. Barua zako thelathini zimo, lakini ile ya tarehe 12 Juni haimo. Nimeitafuta kwa kichwa, kwa tarehe na kwa anwani yako. Haimo.

Seva ya zamani bado iko stoo. Imeshachomolewa na inangoja kufutwa mwisho wa mwezi. Ndani yake kuna daftari linaloandika kila barua iliyoingia na ilikopelekwa. Nikiiwasha naweza kujua. Ila sitaiwasha mpaka uniambie, kwa sababu sijui tutakuta nini, na mara ya kwanza nilikuamulia mwenyewe.

Bwana Paswedi


Ijumaa, 18 Aprili
Kichwa: WASHA

Wewe!

Wiki nne! Wiki nne nimelala na kuamka nikijua mwanangu alisoma maneno yangu akayatupa. Picha yake nimeifunika kwa kitambaa kwa sababu siwezi kumwangalia usoni. Majirani wanadhani naumwa. Kumbe kuna mtu kakaa kwenye kiti cha kuzunguka, kaona afadhali anipe uwongo mtamu, na huo utamu wenyewe hakuuonja kwanza! Nani alikwambia mimi nahitaji kulainishiwa? Nimezika mume na mtoto ndani ya mwaka mmoja, nimebaki nimesimama.

Washa hilo dude. Chochote utakachokuta, niambie kama kilivyo. Safari hii usinionee huruma, tafadhali. Huruma yako ina makali.

Picha nimeifunua.

Mshonaji


Alhamisi, 24 Aprili
Kichwa: Nilichokuta

Kwako mshonaji,

Nakusalimu kwa heshima. Sikuanza kama nilivyozoea, na ukifika mwisho utaona kwa nini.

Nimeiwasha. Barua yako ilifika tarehe 12 Juni, saa nne na dakika arobaini na moja asubuhi. Haikufika kwake.

Siku tatu kabla, kampuni ilikuwa imevamiwa na barua za matapeli. Mwenzetu mmoja alilaghaiwa, na mkurugenzi akanisimamia mezani akitaka zizuiwe siku hiyo hiyo. Nikaandika sheria. Barua yoyote kutoka anwani mpya, yenye kichwa cha herufi kubwa, na yenye neno "haraka", iende karantini. Hicho ni chumba ambacho mwenye sanduku hakioni, nakiona mimi peke yangu. Nilitakiwa kukipitia kila asubuhi na kutoa zisizo na hatia. Zilikuwa zinaingia elfu nne kwa siku. Siku ya kwanza nilipitia, ya pili nikapitia nusu, baada ya hapo sikupitia. Kila kilichokaa siku thelathini kilifutwa chenyewe. Barua yako ilifutwa tarehe 12 Julai. Karantini haiingizwi kwenye nakala, kwa hiyo siwezi kuirudisha. Sheria hiyo niliiondoa mwisho wa Julai, ndiyo maana barua zako za Agosti zilipita.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili. Hakuifungua, kwa sababu hakuiona.

Ningeweza kuishia hapa. Uliniambia nikueleze kama kilivyo.

Nilipoona hivyo nilienda kwenye kumbukumbu za maombi ya msaada ya mwezi huo, nione kama kuna aliyelalamika kupotelewa na barua. Yuko mmoja. Nanakili.

Alhamisi 20 Juni, saa tatu na dakika tano. "Bwana Paswedi, hujambo? Leo si paswedi, usikunje uso. Kuna barua naisubiri kutoka kwa Mama yangu. Kaka kaniambia ameiandika. Naingia kila saa naona patupu. Hebu nichungulie, haijakwama kwenu?"

Saa tatu na dakika saba. "Mfumo uko sawa. Hakuna kilichokwama."

Saa tatu na dakika kumi. "Haya, asante. Labda bado hajawa tayari. Nitangoja."

Saa tatu na dakika kumi na moja. Ombi limefungwa.

Yule aliyejibu baada ya dakika mbili ni mimi. Sikuchungulia popote. Nilikuwa na maombi mengine thelathini, nikamjibu kama ninavyowajibu wote. Ningefungua karantini siku hiyo ningeikuta, ilikuwa na siku nane tu. Sikumbuki hata kuliandika jibu hilo. Nimelisoma kama la mtu mwingine, lakini jina chini ni langu.

Sina la kuomba. Msamaha siuombi kwa sababu sijui mtu anauombaje wa hivi. Nimemweleza bosi wangu yote kwa maandishi. Seva haitafutwa mpaka utakaposema.

Fundi wa mifumo


Ijumaa, 9 Mei
Kichwa: Kwa Bwana Paswedi

Fundi,

Unaona nimeandika kichwa kwa herufi ndogo. Nimejifunza, ingawa nimechelewa.

Nimekaa wiki mbili kabla ya kukujibu. Wiki ya kwanza nilikuchukia. Nilikuwa nakata kitambaa huku nakusema kwa sauti, mpaka mteja mmoja akauliza ninagombana na nani. Yale maneno yako mawili, hakuna kilichokwama, nimeyarudia mpaka yakaisha ladha. Kumbe kilikuwepo, na kilikuwa mkononi mwako.

Wiki ya pili nikampigia kaka yake, nikamsomea. Akalia kama mtoto. Anasema Kitinda alimwambia, "Usimsumbue Mama. Akiwa tayari ataandika." Na yeye, kwa kuwa nilimkataza asiingilie, hakuniuliza. Wote tulikuwa watiifu mwaka ule, jamani. Kila mtu alishika alichoambiwa.

Lakini nilikuwa tayari! Hilo ndilo linalonichoma, fundi. Tangu tarehe kumi na mbili nilikuwa tayari, na yeye tarehe ishirini bado anangoja, anaingia kila saa, anaona patupu. Alikufa akidhani mama yake bado amenuna. Hakuna atakayemwendea kumwambia sivyo. Nimekwenda makaburini, nikasimama pale mstari wa tatu, nikamwambia mwenyewe kwa mdomo. Nililia mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Na bado, sikiliza, kuna neno moja limo humo ambalo silipati kwingine. Amesema "Mama yangu". Nilimkataza Januari, na mwezi Juni, mbele ya mtu baki, kwenye ombi la msaada, ananiita Mama. Hakuwa ameacha. Ungelificha lile ombi nisingelijua hilo mpaka naingia kaburini. Ulikuwa na kila sababu ya kulificha, na ulishanidanganya mara moja kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Sitakwambia kuwa yameisha. Hayajaisha, na siku nyingine nitaamka nakuchukia tena, univumilie. Lakini mkono uliolifunga ombi ni wako, na mdomo uliomfukuza ni wangu. Sioni nitasimama wapi nikuhukumu wewe halafu mimi niketi.

Nina ombi. Mwenye duka ameifungua anwani yangu, akaikuta ile barua ya Juni kwenye zile nilizozituma. Kumbe upande wangu ilikuwepo muda wote, wala hakuna aliyenifundisha kuangalia huko. Nimeiambatanisha hapa. Iweke kwenye sanduku lake, juu ya zote, na usiiwekee ile alama. Iache ikae kama haijasomwa. Kisha lihamishe sanduku pamoja na mengine kama ulivyotakiwa kufanya Machi. Hiyo seva ya stoo waifute tu.

Na jambo la mwisho. Barua yako umeianza "Kwako mshonaji", ukatia sahihi kama mtu wa ofisini. Nimekuelewa, ulijiondoa mwenyewe kabla sijakutoa. Usinifanyie hivyo. Neno lile nilimkataza mtu mmoja, nikaja kulirudisha wakati mlango umeshafungwa. Sitamkataza wa pili.

Ukimaliza kazi uniandikie. Uanze na "Mama, shikamoo" kama ulivyozoea. Nitakujibu siku hiyo hiyo.

Mama